Nozeli ya Zege la Kunyunyizia: Jinsi ya Kuisanifu, Kuipima na Kuitunza

Zege la kunyunyizia halimwagwi kwenye boksi la mbao kama zege la nguzo au la jamvi. Hupita kwenye mpira, likarushwa kwa hewa ya kompresa hadi likagota kwenye mwamba, udongo au wavu wa nondo, na nguvu ya kugota huko ndiyo inayolishindilia. Ndilo linaloshikilia dari za mahandaki ya reli na ya maji, kuta za migodi ya chini ya ardhi, kingo za barabara zilizochongwa milimani na kuta za mabwawa ya kuogelea yenye maumbo ya mviringo. Pia hutumika kukarabati madaraja na matangi ambayo zege lake limemeguka na kuacha nondo wazi.

Mwishoni mwa mpira huo kuna nozeli. Wengi huiona kama bomba tu la kutolea zege, kumbe hapo ndipo kimiminika cha mwisho kinapoongezwa: maji, au dawa ya kugandisha haraka. Nozeli ya kawaida ya kushikwa kwa mkono ina urefu wa sentimita 30 hivi. Mchanganyiko ukipita humo kwa mwendo wa mita 30 kwa sekunde, unakaa ndani yake kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika muda huo mfupi, kila chembe ya saruji inatakiwa ipate sehemu yake ya kimiminika. Ikikosa, hakuna wa kuirekebisha, maana zege likishashika ukutani huwezi kulirudisha kwenye mashine.

Kwa hiyo kusanifu nozeli ni kutafuta mambo matatu: kimiminika kiingie kwa kiasi sahihi, kienee sawasawa pande zote, na kipate muda wa kutosha kuchanganyika. Makala haya yanaeleza namna ya kuyafikia, kwa hesabu ambazo fundi au mhandisi wa saiti anaweza kuzifanya mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Wazo lilikotoka

Mwaka 1907 Makumbusho ya Field mjini Chicago, Marekani, yalikuwa ndani ya jengo lililobaki kutoka maonyesho ya dunia ya mwaka 1893, na kuta zake za nje zilikuwa zimechakaa. Carl Akeley, mfanyakazi wa makumbusho hayo ambaye kazi yake ilikuwa kuwaunda upya wanyama waliokufa kwa kutumia ngozi zao halisi, akabuni mashine ya kupaka plasta kwa nguvu ya hewa. Unga mkavu ulisafiri peke yake ndani ya mpira mmoja, maji yakaja kwa mpira wa pili, na viwili hivyo vikakutana kwenye nozeli. Kama vingekutana mapema, plasta ingeganda njiani na mpira ungeziba. Mwaka 1911 alipewa hataza ya kifaa hicho, kilichojulikana kama bunduki ya saruji.

Akeley ana kumbukumbu nyingine katika ukanda wetu. Alimshawishi Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji atenge hifadhi ya gorila wa milimani huko Kongo. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1925, na leo inaitwa Virunga. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, Akeley alifariki akiwa safarini huko, akazikwa kwenye miteremko ya mlima Mikeno.

Kanuni aliyoiweka, ya kutenganisha vitu viwili hadi dakika ya mwisho, ndiyo inayoongoza nozeli zote hadi leo. Kilichobadilika ni kimiminika chenyewe na namna ya kukiingiza.

Njia mbili, kazi mbili za nozeli

Katika njia kavu, saruji, mchanga na kokoto ndogo husukumwa na hewa bila maji ya kutosha kugandisha, na maji huongezwa kwenye nozeli. Fundi aliyeshika nozeli ndiye mwenye koki, hivyo ndiye anayeamua zege litakuwa na maji kiasi gani. Njia hii inafaa kazi ndogo, ukarabati, na mahali ambapo kazi inasimama na kuanza tena mara kwa mara, kwa kuwa mashine haibaki na zege bichi tumboni.

Katika njia ya majimaji, zege huchanganywa kamili na maji yake, likasukumwa kwa pampu hadi kwenye nozeli. Hapo huongezwa hewa ya kulirusha na, kwenye kazi za dari na mwamba, dawa ya kugandisha. Njia hii ilienea kuanzia miaka ya 1950. Hutoa zege jingi kwa saa, vumbi lake ni dogo, na kiasi cha maji hupangwa kwenye mtambo wa kuchanganyia badala ya kuachiwa jicho la mtu mmoja.

Tofauti hii inabadilisha kabisa kazi ya nozeli. Kwenye njia kavu, nozeli inalowesha unga unaoruka. Kwenye njia ya majimaji, inavunja zege zito liwe vipande vidogo, na kuingiza lita chache za dawa ndani ya zege hilo kwa usawa. Nozeli ya kazi moja haifai kwa nyingine, hata kama mipira inaingiliana.

Pete ya maji na hesabu yake

Moyo wa nozeli ya njia kavu ni pete ya maji. Ni duara la chuma lenye matundu madogo kuzunguka upande wake wa ndani. Maji huingia kwenye mfereji uliozunguka pete, kisha hutoka matunduni kama sindano nyembamba zinazoelekea katikati. Matundu hulazwa mbele kidogo, kuufuata mwendo wa mchanganyiko, ili maji yasirudi nyuma na kulowesha mpira.

Matundu yawe mangapi, na ya ukubwa gani? Tuchukue mashine inayotoa zege mita 3 za ujazo kwa saa. Kila mita ya ujazo ina saruji kilo 400 pamoja na mchanga na kokoto ndogo kilo 1,700. Tunataka uzito wa maji uwe 0.45 ya uzito wa saruji.

Saruji kwa saa ni kilo 1,200. Ukizidisha kwa 0.45 unapata maji lita 540 kwa saa. Lakini mchanga na kokoto havifiki vikiwa vikavu kabisa. Vikiwa na unyevu wa asilimia 4, kilo 5,100 zinazotumika kwa saa huleta lita 204. Zinazobaki kuongezwa kwenye nozeli ni lita 336 kwa saa, yaani lita 5.6 kwa dakika.

Sasa tundu. Presha ya maji ikizidi presha iliyomo ndani ya nozeli kwa baa 2, maji hutoka kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde kwa hesabu. Kwa kuwa tundu dogo hubana mkondo, chukua asilimia 60 ya mwendo huo, yaani mita 12 kwa sekunde. Gawanya lita 5.6 kwa dakika kwa mwendo huo, utapata kwamba matundu yote kwa pamoja yanahitaji eneo la milimita za mraba 7.8. Tundu la milimita 1 lina eneo la milimita ya mraba 0.785. Kwa hiyo unahitaji matundu 10.

Usiishie hapo. Fundi anahitaji nafasi ya kuongeza maji siku mchanga ukija mkavu kuliko kawaida. Weka matundu 12, naye atabana koki kidogo kwa kazi ya kawaida. Ukiweka 30, koki itafunguliwa kidogo tu, presha ndani ya pete itashuka, na maji yatachuruzika pembeni badala ya kuruka hadi katikati. Matokeo yake utayaona ukutani: katikati ya mkondo kunatoka unga mkavu, na pembeni kunatoka uji.

Ndiyo sababu presha ya maji haina mjadala. Izidi ya hewa kwa angalau baa 1, na baa 2 ni salama zaidi. Geji ya hewa ikisoma baa 3, pampu ya maji itoe baa 5 bila kuyumba. Tangi lililowekwa juu ya mnara wa mita 6 linatoa baa 0.6 tu, na bomba la mtaani hubadilika kila jirani anapofungua maji. Nunua au kodi pampu ya kuongeza presha. Bila hiyo, pete iliyosanifiwa vizuri haitakusaidia kitu.

Weka pia chujio kabla ya nozeli. Macho yake yawe nusu ya ukubwa wa tundu: kwa tundu la milimita 1, chujio la milimita 0.5. Baada ya chujio weka valvu ya njia moja, ili hewa ikisukuma kurudi nyuma isipeleke saruji ndani ya mfereji wa pete.

Kuhusu maji yenyewe, kwenye ukanda wa pwani kuna kishawishi cha kutumia maji ya bahari au ya kisima chenye chumvi. Usikubali. Chumvi hiyo huozesha nondo ndani ya zege, na tabaka la zege la kunyunyizia mara nyingi ni jembamba, hivyo nondo haina kinga kubwa.

Kuliongezea zege muda

Sehemu moja ya mia ya sekunde ni muda mdogo mno. Njia rahisi ya kuuongeza ni kuirudisha pete nyuma. Badala ya kuiweka kwenye nozeli, inafungwa mita 3 hivi kabla yake, kwenye kiungo cha mpira. Kwa mwendo uleule wa mita 30 kwa sekunde, mchanganyiko sasa una sehemu moja ya kumi ya sekunde, ambayo ni mara kumi zaidi. Vumbi hupungua, unga hulowa hadi ndani, na zege linaloanguka chini hupungua.

Faida hiyo ina gharama. Zile mita 3 za mpira sasa zimejaa zege lililolowa, na likiachwa kwa dakika chache kwenye joto litaanza kushika ukutani mwa mpira. Kila kazi inaposimama, funga maji, acha hewa ipulize hadi mpira utoke mtupu, kisha ugonge kwa nje usikilize kama kuna kitu kilichoshika ndani.

Njia nyingine ya kusaidia nozeli ni kulowesha mchanganyiko kabla haujaingia kwenye mashine, hadi unyevu wa asilimia 3 hadi 6. Mchanganyiko mkavu kuliko hapo hutoa vumbi jingi na haupokei maji haraka. Uliolowa kuliko hapo hung'ang'ania ndani ya mashine na mpira. Na kwa kuwa saruji imeshagusana na unyevu, mchanganyiko huo utumike mapema. Usiuache juani hadi baada ya chakula cha mchana.

Nozeli ya njia ya majimaji: hewa na dawa

Hapa mpira wa zege, kwa kawaida wa milimita 50 au 65, huishia kwenye mwili wa nozeli wenye pete ya hewa. Dawa ya kugandisha huingizwa kwanza kwenye mkondo wa hewa. Hewa huivunja iwe ukungu, na ukungu huo huingia ndani ya zege kupitia matundu ya pete. Dawa ikiingizwa moja kwa moja kama mkondo wa kimiminika, upande mmoja wa zege huganda papo hapo na upande wa pili hubaki laini.

Umbo la njia ya zege lipungue taratibu. Ngazi yoyote ya ghafla, mahali mpira mpana unapokutana na bomba jembamba, ni mahali pa kokoto kukwama. Kipenyo cha ndani kiwe angalau mara tatu hadi nne ya kokoto kubwa zaidi, na kwa zege la kunyunyizia kokoto kwa kawaida haizidi milimita 8 hadi 10. Hewa inayohitajika ni takriban mita za ujazo 7 hadi 12 kwa dakika, kwa presha ya baa 7 hivi, kutegemea kama nozeli imeshikwa na mtu au na mkono wa mashine. Kompresa ikiwa ndogo, zege litatoka bila nguvu ya kujishindilia, na dawa haitakuwa ukungu.

Hesabu ya dawa ni muhimu kama ile ya maji. Pampu inatoa mita 8 za ujazo kwa saa, kila mita ina saruji kilo 450, na dawa imepangwa asilimia 6 ya uzito wa saruji. Zidisha: 8 mara 450 mara 0.06 ni kilo 216 kwa saa, au kilo 3.6 kwa dakika. Lita moja ya dawa ikiwa na uzito wa kilo 1.4, hizo ni lita 2.6 hivi kwa dakika. Kabla ya kuanza kazi, fungua mpira wa dawa kutoka kwenye nozeli, uelekeze kwenye chombo chenye vipimo, na washa pampu ya dawa kwa sekunde 30. Ukipata lita 1.3, pampu inasema kweli. Ukipata lita 2, unaharibu fedha na zege kwa pamoja, kwa maana dawa iliyozidi hupunguza nguvu ya mwisho ya zege hata kama linaonekana kushika haraka.

Kuna kasoro moja ya siri hapa. Pampu ya pistoni hubadilisha silinda, na wakati wa kubadilisha, zege husita kidogo. Pampu ya dawa isipofungamanishwa na ya zege, dawa itaendelea kutoka wakati zege limesita. Ukutani kunajengeka tabaka jembamba lenye dawa nyingi, kisha tabaka lenye dawa kidogo, tena na tena. Zege la namna hiyo hubanduka kwa magamba. Pampu mbili hizo lazima ziongozwe pamoja: zege likipungua, dawa nayo ipungue.

Aina ya dawa pia inaamua nozeli itengenezwe kwa kitu gani. Dawa za zamani za alumineti ni kali upande wa alkali, pH yake hufika 13 au 14, na huunguza ngozi na macho. Dawa za kisasa zisizo na alkali, ambazo nyingi hutegemea salfeti ya alumini, zina uasidi, pH yake ikiwa karibu na 3. Ni salama zaidi kwa mtu, lakini hula chuma cha kawaida na shaba. Kila kinachogusana nazo kiwe chuma cha pua au plastiki inayofaa. Na aina hizi mbili zisikutane kamwe ndani ya mpira mmoja: hugeuka kuwa ute mzito unaoziba kila tundu. Ukibadilisha aina ya dawa, osha mfumo mzima kwa maji hadi yatoke safi.

Usisahau saruji. Saruji nyingi zinazouzwa madukani Kenya na Tanzania ni za daraja la 32.5, zilizochanganywa na pozolana au mawe ya chokaa. Zinafaa kwa ujenzi wa nyumba, lakini haziitikii dawa kwa kasi ile ya saruji ya 42.5 isiyo na mchanganyiko mwingi. Kabla ya kuagiza mapipa ya dawa, changanya saruji yako halisi na dawa hiyo kwenye maabara na upime muda wa kuganda kwa sindano ya Vicat. Jaribio hilo la nusu saa linaweza kukuepusha na dari inayodondoka.

Uchakavu: adui anayekuja polepole

Mchanga unaopita kwa kasi hukwangua kila kitu. Ncha ya nozeli, mara nyingi ya mpira mgumu au poliyurethani, hutanuka. Ikitanuka upande mmoja, mkondo wa zege huenda upande. Ibadilishe mapema, kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko bei ya zege linalopotea.

Pete inaharibika kwa njia nyingine, na mara nyingi mikononi mwetu wenyewe. Tundu likiziba, fundi huchukua msumari akalizibua. Msumari huo ukilipanua tundu kutoka milimita 1 hadi milimita 1.4, macho hayataona tofauti kubwa. Lakini eneo lake limekaribia kuongezeka mara mbili, na tundu hilo moja sasa linatoa maji ya matundu mawili. Matatu kama hayo yakiwa upande mmoja wa pete, zege litatoka na mistari: huku uji, kule mchanga mtupu. Zibua kwa waya mwembamba kuliko tundu, au loweka pete kwenye dawa ya kuondoa saruji, kisha usuuze. Weka pete ya akiba saitini, kila wakati.

Ukaguzi kabla ya kazi

1. Fungua ncha ya nozeli, acha pete wazi, na ufungue maji bila zege. Sindano zote za maji zitoke kwa nguvu moja na zikutane katikati. Moja ikilegea au kupinda, simamisha na usafishe. Jaribio hili ni la dakika moja na ndilo lenye thamani kuliko yote.

2. Soma geji zote mbili, ya hewa na ya maji, mashine ikiwa inafanya kazi. Presha ya mashine iliyosimama haikuambii kitu.

3. Pima dawa kwa chombo na saa, kama tulivyoeleza.

4. Kagua gasketi na oringi. Hewa inayovuja kwenye kiungo hupunguza kasi ya zege bila mtu kutambua.

5. Angalia kila kiungo cha mpira kina kufuli na mnyororo wa usalama.

6. Nyunyizia sanduku la majaribio la mbao, sentimita 60 kwa 60 na kina cha sentimita 10 au zaidi, likiwa limesimama kama ukuta wenyewe. Baada ya zege kukomaa, toboa vipande vya mviringo na uvivunje maabara. Kwenye sanduku la pili weka nondo kabla ya kunyunyizia, kisha ulikate katikati, uone kama zege limejaa nyuma ya nondo au kuna uwazi.

Nozeli mkononi mwa fundi

Usanifu bora hupotea kama nozeli inashikwa vibaya. Simama mita 1 hadi 1.5 kutoka ukutani. Elekeza nozeli ikutane na ukuta kwa pembe mraba, na uizungushe kwa miduara midogo. Ukilaza nozeli, zege hupiga na kuteleza, na kinachoanguka chini huongezeka. Kwenye njia kavu, kati ya asilimia 15 na 30 ya kinachorushwa ukutani huanguka, na kwenye dari huanguka zaidi. Kinachoanguka ni kokoto na mchanga kuliko saruji, kwa hiyo kisirudishwe kwenye mashine wala kusawazishwa kwenye pembe za ukuta. Kichotwe kitupwe.

Kwenye njia kavu, ukuta wenyewe ndio unaokuambia kama maji yanatosha. Zege lenye maji sahihi lina mng'ao mdogo juu yake. Likiwa la rangi iliyofifia, la mchangamchanga, na vumbi limejaa, ongeza maji. Likianza kushuka na kutengeneza tumbo, punguza. Fundi mzuri huigusa koki mara kwa mara huku macho yake yakibaki ukutani.

Ujuzi huu hufundishwa na kupimwa. Marekani, taasisi ya ACI hutoa vyeti kwa mafundi wa nozeli baada ya mtihani wa kuandika na wa vitendo, na Ulaya shirika la EFNARC lina mpango wake. Mkandarasi anayeajiri fundi kwa kazi ya handaki au mgodi aombe kuona sanduku la majaribio alilolinyunyizia fundi huyo, akiwa na cheti au bila.

Usalama hauna njia ya mkato

Vumbi la mchanga lina silika, na silika ikiingia kwenye mapafu mwaka baada ya mwaka huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii. Vaa barakoa halisi ya vumbi laini, hata pale pete ya maji inapofanya kazi vizuri.

Vaa miwani iliyofunika pande zote, glavu ndefu na buti. Weka maji safi ya kuoshea macho karibu na nozeli. Dawa ikiingia jichoni, suuza kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali.

Mpira ukiziba, zima pampu, shusha presha hadi geji isome sifuri, ndipo ufungue kiungo. Usichungulie ndani ya nozeli hata siku moja, hata kama mashine imezimwa. Mpira uliofunguka ukiwa na presha hupiga kama fimbo, na kipande cha zege kilichokwama hutoka kama risasi.

Na kwenye dari, mtu yeyote asipite chini ya zege jipya hadi nguvu yake ipimwe na msimamizi aruhusu. Kuonekana kavu si kipimo.

Wahandisi, wekeni hesabu ya pete na ya dawa kwenye karatasi ya kila kazi, si kichwani mwa mtu mmoja. Wakandarasi, nunueni pampu ya kuongeza presha na pete ya akiba kabla ya kununua kompresa kubwa zaidi. Nanyi mafundi wenzetu mnaoshika nozeli, msikubali kuanza zamu kabla hamjaona sindano zote za maji zikitoka sawasawa. Mna haki ya kukataa, na walio chini ya dari hiyo wanawategemea ninyi.